Herufi za Velora Ubavuni mwa Kanto

"Usiuguse huo mto, Mama! Aki naomba, usiugeuze!"

Nilipiga hiyo kelele mbele ya wamama watatu wa kanisa, mbele ya Hénock wangu, mbele ya sufuria ya pondu, kisamvu cha Wakongo, iliyokuwa bado inatoa moshi. Na kelele yenyewe ndiyo iliyonichoma. Nani anaupigia mto wa kiti kelele kama hakuna kitu chini yake?

Mama Marthe alikuwa ameshaushika kwa mikono miwili.

Ngoja, ngoja. Nimekimbia tena. Ambao hawakusoma jana watasema huyu msichana ana wazimu, na waliosoma wanajua tayari kwamba ninao, ila si mwingi.

Mimi ni Apondi. Mtoto wa Kisumu, diploma ya masoko kutoka chuo kimoja cha Braamfontein, mdomo haufungi. Hii ninayowaambia ilikuwa Pasaka ya 2018. Nilikuwa nimeajiriwa Fordsburg, Johannesburg, kwenye yadi ya Mzee Khatibu, mtu wa Tanga anayekodisha motohomu, yaani zile gari zenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Wazungu huzichukua kwenda kutazama simba.

Hénock ni Mkongo, dereva wa duka la jumla pale mjini, na nilikuwa nampenda mpaka nasahau kushuka kwenye teksi. Tatizo halikuwa Hénock. Tatizo lilikuwa mama yake, Mama Marthe, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hajaamua kama mimi ni mkwe au ni makelele.

Nilitaka yule mama anipende. Mambo yote yaliyonipata yanaanzia hapo.

Jana niliwaambia vile alivyotaka gari la kupeleka wamama Durban, kwenye kongamano la Pasaka. Mwaka uliotangulia, Mama Apolline wa kanisa lingine alifika kule na motohomu aina ya Velora, akashuka kwa ngazi inayojitokeza yenyewe, taratibu, kama mke wa rais. Wamama wa Jeppestown walikuwa wamefika na basi, miguu imevimba. Mama Marthe hakusahau.

Nikaropoka, "Mama, mimi nitakupatia Velora."

Siku tano kabla ya safari, Mzee Khatibu akaikodisha Velora kwa Wajerumani wawili bila kuniuliza. Yadi ikabaki na Kanto, ndugu yake wa bei nafuu.

Na mimi, badala ya kupiga simu na kusema ukweli wa dakika moja, nikaazima draya ya saluni na kupanda ngazi. Jana mliniacha huko juu.

Lakini jana niliruka jambo moja makusudi kwa sababu ya haya. Wacha nilitoe leo, maana bila hilo hamtaelewa ule mto.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Mama Marthe alikuja mwenyewe yadini kuziona hizo gari. Velora na Kanto zilikuwa zimesimama ubavu kwa ubavu. Nikavaa sauti yangu ya kazini.

"Mama, hizi mbili zinatoka kiwanda kimoja. Ni ndugu wa tumbo moja."

"Tumbo moja?" Akazizunguka, mikono nyuma. "Basi juu ya nini moja ina jina kubwa na ingine watu hawaiulizi?"

"Injini moja, Mama. Chesisi moja. Jiko la gesi moja, hata choo kimoja. Tofauti ni urembo tu. Velora ina ngazi ya kujitokeza, mbao nzuri, tangi kubwa la maji, mapazia mazito."

"Urembo tu?"

"Urembo tu."

Akaingia ndani ya Velora. Sasa sikilizeni. Mteja yeyote akiingia mle, hutazama mbao, hufungua friji, hujilaza kitandani na kucheka. Mama Marthe hakutazama kitu kimoja cha hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye pazia, akaligeuza, akatazama upande wa nyuma. Kisha akainua mto wa kiti, akautazama chini.

"Mama, huko hakuna kitu," nikacheka.

"Mwanangu, mi naanziaka upande wa ndani," akasema. "Upande wa inje, kila fundi anaweza kuudanganya."

Nikacheka tena. Nilidhani ni uzee.

Halafu nikampa karatasi yangu. Jamani, ile karatasi! Niliitengeneza mwenyewe, Velora upande huu, Kanto upande ule, mistari kumi na tano ya kulinganisha, rangi mbili, na Mzee Khatibu aliibandika ukutani kwa fahari. Chuoni nilipewa alama themanini na mbili kwa kazi kama hiyo.

Mstari wa mwisho kabisa, chini, kwa herufi ndogo kwa sababu haukupendeza, niliandika hivi: Velora, hulaza sita, mikanda sita. Kanto, hulaza sita, mikanda minne.

Niliuandika kwa vidole vyangu hivi. Na ilipofika siku yenyewe, sikuukumbuka. Nimejiapiza miaka hii yote kwamba sikuukumbuka. Lakini ningependa kuliamini hilo zaidi ya ninavyoliamini.

Sasa turudi kwenye ngazi.

Ilikuwa Jumatano, saa ya chakula. Mzee Khatibu amekwenda kula biriani yake. Niliipasha moto stika ya K kwa draya, ikalegea, nikaivuta kwa ukucha. Ikaja A. Ikaja N. Ndani ya droo ya ofisi kulikuwa na seti ya akiba ya herufi za Velora, kiwanda huleta kwa ajili ya gari likikwaruzwa. Nikawa nazibandika moja moja, ulimi nje kama mtoto anayechora.

"Mademoiselle!"

Nusura nianguke. Alikuwa Gaston, mlinzi wa getini, mtu wa Lubumbashi, na shemasi katika kanisa la Mama Marthe. Shemasi, jamani!

"Mademoiselle, unasuka gari?"

"Tunabadilisha jina, Gaston. Mpango mpya wa kampuni."

"Na patron anajua huo mpango?"

"Anajua kabisa."

Akanitazama, akaitazama draya, akazitazama zile herufi pale chini zimejikunja kama maganda ya ndizi.

"Bon," akasema. "Mi ni mulinzi wa geti tu. Mambo ya majina siyajui."

Akaondoka. Mimi nikajiambia, sharp, limepita.

Halikupita, ila mimi nilikuwa na majibu ya kila kitu. Nilijiambia ni kiwanda kimoja. Nilijiambia karatasi ya kukodi inasema Kanto na Mama Marthe amelipa bei ya Kanto, kwa hiyo simwibii mtu. Na kweli, uongo wangu haukuwa wa pesa. Ulikuwa wa sifa, na huo ndio mbaya zaidi, maana mwizi wa pesa angalau huwa na njaa.

Ijumaa Kuu asubuhi nikafika Jeppestown na Hénock anaendesha, mimi pembeni, dirisha wazi, napunga mkono kama miss Kisumu.

Wamama walikuwa wamejipanga nje ya ghala wanalofanyia ibada. Walipoiona gari wakapiga vigelegele mpaka vijana wa hosteli ya jirani wakatoka kutazama.

"Velora! Velora ya kwetu!"

"Apolline atameza ulimi!" Mama Emery akacheza pale pale barabarani. Huyu ni mama mnene, mcheshi, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Héé! Apolline, uko wapi leo?"

Hénock akaniminya kidole. "Chérie, umetufanyia kitu."

Nikavimba kama andazi.

Mama Marthe peke yake hakupiga kigelegele. Alikuja polepole, miwani imening'inia kifuani, akasimama mbele ya ubavu wa gari. Akapitisha kidole juu ya herufi ya V. Kisha akakishusha chini kidogo, penye rangi.

Sasa, mnajua jua la Johannesburg. Gari lilikuwa limekaa juani miaka minne na jina la Kanto. Rangi yote imepauka, ila palipokuwa na herufi za zamani pamebaki pang'avu. Mimi nilipaona na nikajiambia nani atatazama. Na gundi niliyoiacha ilikuwa imekamata vumbi la njia nzima kutoka Fordsburg.

"Nani alifumua hapa?" Mama Marthe akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kufumua? Ni jua, Mama. Jua la huku baya."

"Jua." Akafuta kidole chake kwenye kitenge. "Mwanangu, nguo ikifumuliwa, matundu ya sindano inabakia. Hata upige pasi namna gani."

"Ni jua, Mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, ule wa Gaston siuhesabu. Wa kwanza ulikuwa zile herufi zenyewe.

Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akasema, "Bon. Twende tuingie."

"Na ngazi ije yenyewe!" Mama Emery akapiga kofi. "Dada, bonyeza tuone!"

Eish. Ngazi!

"Ngazi imekwama kidogo," nikasema. "Fundi ataitengeneza Durban."

Wa tatu. Mjue nahesabu.

Hénock akaleta kreti ya soda tupu, akaipindua, wamama wakapandia hapo wakicheka, wakisema hata Apolline alianza hivyo. Wakapakia mifuko ya unga wa mihogo, pondu, na yale mabegi mawili makubwa yenye nguo za sare. Mama Marthe alikuwa ameshona sare za wamama wote wa kongamano, kanisa zima, tangu Januari. Ilikuwa azipeleke mwenyewe, azigawe kwa mkono wake, watu wamwone fundi wa Jeppestown. Hiyo ndiyo ilikuwa Pasaka yake.

Tukaanza kukaa. Hénock kwenye usukani. Pembeni yake akakaa mama mmoja anayetapika akikaa nyuma. Kwenye viti viwili vya meza akakaa Mama Emery na Mama Marthe. Mimi na Koko Arlène tukaenda kwenye benchi la nyuma. Koko ndivyo Wakongo wanavyomwita bibi, na huyu alikuwa na miaka sabini na nane, mwepesi kama kikapu. Alikuwa anakwenda Durban kumwona kitukuu ambaye hajawahi kumshika. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kofia ya sufu aliyoifuma.

Koko akapapasa kushoto. Akapapasa kulia.

"Binti, mukanda yangu iko wapi?"

Ndipo ule mstari wa mwisho wa karatasi yangu uliponirudia kichwani, mzima, na rangi zake mbili. Kanto, hulaza sita, mikanda minne.



Mbele yetu kulikuwa na kilomita karibu mia sita, malori ya Pasaka, na ule mteremko wa Van Reenen ambao hata Hénock huusemea sala. Na huyu bibi amekaa kwenye ubao na mto juu yake, hana cha kumshika.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: Samahani, hii si Velora. Lakini Mama Emery alikuwa ameshaanza wimbo, na Hénock alikuwa ananitazama kwenye kioo akitabasamu, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema:

"Imejificha chini ya mto, Koko. Tutaitoa njiani."

Njiani! Nilisema njiani.

Wizi, uzinzi, vyote mtu anaweza kuvisimulia akajitetea. Hilo neno "njiani" sijui kulitetea. Nilikuwa tayari kumteremsha yule bibi mlima mzima bila mkanda ili mimi nisionekane mwongo.

Mama Marthe akanyanyuka.

"Koko, inuka kidogo. Nikutolee sasa."

Na hapo ndipo nilipopiga ile kelele mliyoisikia mwanzoni.

Wimbo ukakatika.

"Kuna nini?" Hénock akageuka.

Mama Marthe akampisha Koko asogee mbele. Aliwapa mgongo wenzake, akauinua mto kama alivyouinua ule wa Velora wiki mbili kabla, akatazama upande wa ndani. Mimi tu ndiye niliyekuwa upande wake. Tuliona pamoja.

Kitambaa chini kimepigwa pini za stepla, hakijashonwa. Chini yake ubao wa plaiwudi, mkavu. Hakuna mkanda, hakuna hata tundu la mkanda. Na juu ya ubao, stika ndogo nyeupe ya kiwanda ambayo sikujua kama ipo, wala draya yangu isingeifikia: KANTO, na chini yake namba.

Niliusubiri ule ukelele. Nilijua unakuja. Niliona kabisa wamama wakinizomea, Hénock akishuka kwenye usukani, vijana wa hosteli wakipiga picha.

Mama Marthe akaurudisha mto mahali pake, akaupiga makofi mawili kuondoa vumbi, na kugeuka.

"Mikanda mbili imekatika," akawaambia. "Haiko salama. Watu wawili watabakia."

"Kubakia?" Mama Emery akashika kiuno. "Nani abakie? Mi ndiye sauti ya kwanza!"

"Weye utaenda. Koko ataenda, akae kwenye nafasi yangu. Mutabakia wanne, kila mutu na mukanda wake." Akaanza kushuka, anatafuta kreti kwa mguu. "Mi nabakia. Na huyu binti."

"Mama!" Hénock akaruka nje. "Mama, hizi ni nguo zako! Tangu Januari unashona, usiku na mchana! Nani atazigawa?"

"Koko atazigawa."

"Tukodi teksi, basi. Apondi apige simu ofisini walete mkanda..."

"Henoki." Akiwa na jambo zito huliita jina lake hivyo. "Kuna nguo moja haijaisha. Huyu binti atanisaidia. Endesha polepole."

Hénock akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanauliza. Nami nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua kitu, huku nikiwa nimeshika mkono wa mama yake, yule ambaye amewahi kumrudisha nyumbani shemasi mzima aliyesema uongo kuhusu saa ya kuanza ibada. Leo amedanganya wamama wenzake mchana kweupe, siku ya Ijumaa Kuu, kwa ajili yangu.

Afadhali angenipiga kofi.

Gari likaondoka. Koko Arlène alikuwa dirishani, mkanda umepita kifuani kama utepe wa zawadi, anatupungia ile kofia ya sufu. Na ubavuni, chini ya V-E-L-O-R-A, lile vumbi lilikuwa limeshajaa kwenye gundi vizuri. Hata mtoto wa chekechea angeweza kusoma jina la chini.

Tulitembea kwa miguu kutoka Jeppestown mpaka mjini. Maduka yamefungwa, sauti za makanisa zinatoka kwenye kila jengo, ghorofa hii wanaimba Kilingala, ile wanaimba Kizulu. Mama Marthe mbele, mimi nyuma. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, nilifungua mdomo, na taa ikageuka kijani kabla sijaanza.

Kibanda chake cha kushonea kiko ghorofa ya pili, cherehani tatu na dirisha moja. Akafungua kufuli, akaniwekea kiti.

"Kaa."

Nikakaa.

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Sijakuuliza."

Akafungua kabati. Akatoa nguo iliyofunikwa na shuka, akaiweka mezani, akaifunua.

Ilikuwa koti na sketi, kitambaa kile kile cha sare ya wamama, bluu na ndege wa njano. Lakini hii ilikuwa na bitana ya hariri, na mkono wa puto, na kiuno chembamba ambacho hakuna mama yeyote wa Jeppestown anaweza kukiingia. Pindo moja tu lilikuwa bado.

Niliutambua ule ufupi wa mikono. Mikono yangu ni mifupi, hata nyumbani wananicheka.

"Ni ya nani, Mama?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

"Ilikuwa nikuvalishe Durban," akasema. "Jumapili, mbele ya wamama. Niwaambie, huyu ni mukwe wangu. Nilikuwa nataka Apolline aone." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Apolline na Velora yake. Mi nilikuwa na kitu ya kumushinda, mwanangu. Sikuhitaji gari."



Ina maana nilikuwa nimeshapendwa! Nilikuwa nimeshapimwa kwa macho, nimeshakatiwa, nimeshashonwa, wakati niko juu ya ngazi na draya naibandua K.

"Mama, nisamehe. Velora ilichukuliwa na Wajerumani. Niliogopa. Nilisema hizi gari ni tumbo moja, nikadhani..."

"Ni tumbo moja. Hilo haukudanganya." Akavaa miwani. "Dada yangu na mi ni tumbo moja pia. Nikimupeleka yeye kwa bwana yangu, niseme ni mi?"

Wakati mwingine ningecheka. Akavuta droo, akatoa wembe mdogo wa kufumulia, ule wenye mpini mwekundu, akauweka juu ya koti.

"Fumua."

"Mama?"

"Fumua. Anzia begani. Taratibu, usikate kitambaa."

"Mama, naomba. Chochote kingine."

"Weye unajua kufumua, niliona kazi yako leo. Sasa fumua hii, halafu tuangalie matundu pamoja."

Nikaushika wembe. Nikatafuta uzi wa bega. Mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, umebana, mtu alikaa nao kwa mapenzi. Nikaukata wa kwanza.

Tik.

Nikakata wa pili, na machozi yakaangukia kwenye ndege wa njano.

Simu ikaita.

Ilikuwa Hénock. Nikaitazama, nikamtazama Mama.

"Jibu," akasema. "Na weka sauti kubwa."

Nikabonyeza. Kwanza zikaja kelele za malori, kisha sauti yake, juu juu, anajaribu kucheka.

"Chérie! Usiogope. Tuko karibu na Heidelberg, kuna kizuizi cha askari wa barabarani. Wametuweka pembeni."

"Koko mzima?" Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na nashukuru angalau hilo.

"Mzima, anagawa karanga. Sikiliza. Askari anasema ile karatasi ya leseni kwenye kioo inasema Kanto, na ubavuni imeandikwa Velora, na chini ya Velora kuna jina lingine linasomeka. Anasema gari za wizi ndizo hufanyiwa hivyo. Amechukua funguo."



"Nimemwambia asijali," Hénock akaendelea. "Nimemwambia mchumba wangu anafanya kazi pale yadini, ni mtu wa chuo, hawezi kudanganya, mpigie umuulize. Huyu askari yuko hapa kando yangu. Na Mzee Khatibu nimemjaribu, hapokei, saa hizi yuko msikitini. Ni wewe tu, chérie. Si ni kosa la kiwanda? Walikosea stika, si ndiyo? Mwambie hivyo tu, atupe funguo, twende zetu."

Kosa la kiwanda.

Jamani, ilikuwa rahisi hivyo! Maneno matatu, tena si mimi niliyeyatunga, nimepewa mkononi na mtu anayenipenda. Kiwanda kiko mbali, hakina uso, hakitalia. Wamama watafika Durban. Hénock hatajua. Na yule askari alikuwa ameshachukua simu, nilisikia anapumua.

"Hello? Sisi? Uyangizwa?" Kizulu hicho: dada, unanisikia?

Nikainua macho. Mama Marthe alikuwa ameliinua koti lile kwenye mwanga wa dirisha. Pale begani nilipofumua, vitundu viwili vilikuwa vinapitisha mwanga.

"Mi nilikufunika mara moja," akasema polepole. "Kitambaa yangu imeisha."

Nikausogeza mdomo kwenye simu.

Nilisema ukweli. Sentensi moja, na Hénock aliisikia yote, na Koko aliisikia, na Mama Emery akaacha kuimba. Nimeiandika hapa mara tatu na mara tatu nimeifuta, mkono unakataa. Niacheni nione haya zangu leo peke yangu. Kesho nitakuwa nimeshanawa uso, nami nitaiweka hapa hapa, neno kwa neno, pamoja na alichonijibu yule askari.